Mchoro wa sokoni Karatina haukukosea. Maneno ndiyo yaliyokosea

Yako makosa ambayo mwalimu huyasahihisha kwa wino mwekundu, na yako mengine ambayo humlazimu auweke kando wino huo ajisahihishe yeye mwenyewe kwanza. Ninalotaka kumsimulia msomaji leo ni la aina ya pili. Nitalieleza bila kujipamba, maadamu naamini kwamba walimu wenzangu wengi, kuanzia wa shule za msingi hadi sisi wa vyuo vikuu, tunalitenda kila muhula na wala hatushtuki.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa isimu zoezi lisilo la kawaida. Niliwaagiza waende mjini Karatina siku ya soko, kila mmoja na kalamu ya wino na daftari lisilo na mistari. Penseli niliipiga marufuku, kwani penseli huandamana na raba, na mwenye raba hatazami kwa makini. Anajua fika kwamba atafuta. Kila mwanafunzi alitakiwa achore tukio moja tu la mjini, kisha chini ya mchoro aandike kisa kwa Kiswahili, kisa kisichozidi maneno mia moja. Walinung'unika, kama ilivyo ada. "Mwalimu, sisi si wachoraji," walisema. Niliwajibu kwamba nami si mchoraji, na kwamba sikuwa natafuta michoro mizuri. Nilitaka kuona wangeandika nini baada ya kulazimika kukitazama kitu kimoja kwa muda wa saa nzima.

Anayeijua Karatina anajua kwamba hakuna uhaba wa mambo ya kuchora. Mji huu wa Mathira umekaa kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nyeri, na reli iliyofika Nanyuki mwaka wa 1930 inaupitia. Soko lake limevuma kote nchini. Hata jina la mji ni hazina kwa mtu wa taaluma yangu, kwani wazee husimulia kwamba limetokana na neno la Kiingereza la kuwatenga mifugo wagonjwa, yaani karantini, likatamkwa kwa ulimi wa hapa hadi likawa mali ya hapa. Basi wanafunzi walirudi na mikokoteni, na makanga wa matatu waliopanua vinywa, na fundi wa viatu chini ya mwavuli uliokatika ubavu mmoja. Michoro mingi ilikuwa mibovu, nami niliifurahia mno.

Mmoja tu ndiye aliyenistaajabisha. Kijana aliyelelewa Kilifi, mpole, mwenye Kiswahili kitamu ambacho huwatia wenzake wivu, alikuwa amemchora mama mmoja aliyeketi nyuma ya mafungu ya viazi. Mistari ilikuwa michache, lakini hakuna hata mmoja uliokuwa wa bure. Sweta iliyokosa kifungo cha pili, mkono uliotulia juu ya goti, kipaji cha uso kilichokunjamana, upindo wa leso uliofundikwa mafundo madogo. Chini yake aliandika hivi:

"Mama huyu ni mnyonge wa wanyonge. Tangu alfajiri ameketi nyuma ya viazi vyake akiwasubiri wanunuzi ambao hawaji. Uso wake umekunjamana kwa dhiki. Jua linamchoma, lakini atafanyaje? Umaskini ni gereza lisilo na mlango."

Niliandika pambizoni, "Taswira nzuri!" Nikampa alama 17 kati ya 20.

Wazo la kumpelekea yule mama nakala ya mchoro lilikuwa la kijana mwenyewe, na ni kwa adabu yake kwamba mimi nilipata somo. Niliandamana naye kwa kuwa nilikuwa na haja zangu sokoni. Tulimkuta mahali pale pale. Kijana akamwamkia, "Shikamoo, Mama," naye akajibu, "Salama, kijana," kama wajibuvyo wengi huku mlimani ambao hawakuizoea marahaba. Akapokea karatasi, akaitazama kwa kitambo, kisha akaangua kicheko na kuwaita majirani. "Nĩ niĩ!" alisema, ndimi huyu! Walikuja watatu au wanne, wakauonyesha mchoro kwa vidole, wakamtania juu ya kile kifungo cha sweta.

"Na haya maandishi yasemaje?" akauliza.

Kijana akasoma. Alisoma vizuri, kwa sauti ya mtu aliyepewa alama 17. Alipofika mwisho, kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Viazi vyangu?" mama akasema. "Nani alikwambia ni vyangu?"

Ndipo alipotueleza, kwa upole lakini bila kupunguza neno. Yeye huuza kabeji, na siku ile kabeji zake zilikuwa zimekwisha saa tatu asubuhi. Viazi vilikuwa vya mwanamke mwenzake wa meza ya pili, aliyekuwa amelazwa hospitalini tangu Jumamosi. Alibaki pale kumuuzia. Kila debe lilipouzwa alifunga fundo moja kwenye leso ili fedha za mwenzake zisichanganyike na zake, na wakati kijana alipokuwa akimchora, yeye alikuwa akipiga hesabu kichwani. Hiyo ndiyo dhiki iliyomkunja uso. Kisha akamgeukia mwanafunzi wangu:

"Ulisimama hapo karibu saa nzima, mwanangu. Na mdomo ulikuwa nao."

Nilijiinamia. Lile neno lilikuwa langu kuliko la kijana. Nilipoutazama mchoro tena nikayahesabu yale mafundo kwenye leso: manne. Kijana alikuwa ameyachora yote bila kujua ni nini, nami nikayapita nikidhani ni pambo. Mkono wake ulikuwa umeandika ukweli kwa wino; sentensi zake zikaja na kuufukia, na mwalimu akapiga makofi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni kwa nini mkono haukukosea na ulimi ukakosea, na jibu nimelipata katika sarufi, ingawa sikulitarajia huko. Mchoro hauna viambishi. Hauna -li- wala -ta-, hauna -nge-. Zaidi ya yote, hauna kikanushi. Naweza kumchora mama ameketi nyuma ya viazi, lakini siwezi kuchora kwamba viazi si vyake. Nafsi ya umiliki haichoreki: -angu, -ako na -ake zote huonekana sawa mbele ya kalamu. Wala siwezi kumchora jirani ambaye hajarudi. Msomaji, itafakari hiyo hajarudi. Ndani ya neno moja la Kiswahili mna mtu, mna kukosekana kwake, na mna matumaini kwamba bado yuaja, kwa sababu -ja- haifungi mlango kama ifungavyo hakurudi. Hakuna mchoraji duniani awezaye kuutia wino huo katika karatasi. Ataacha mahali patupu, na mtazamaji atapita.

Hoja ya namna hii si ngeni. Mjerumani Gotthold Ephraim Lessing aliandika kitabu chake kiitwacho Laokoon mwaka wa 1766 akishikilia kwamba picha hutawala mahali, nayo maneno hutawala wakati. Picha huonyesha vitu vilivyo pamoja kwa mpigo mmoja, ilhali maneno huvipanga kimoja baada ya kingine. Hilo nililifundisha kwa miaka mingi. Nisilolifikiria ni matokeo yake kwa insha ya mwanafunzi: ikiwa picha tayari imenipa sweta, goti na mafungu ya viazi, basi neno linalorudia hayo limepoteza nafasi, na neno linalobuni yasiyoulizwa limefanya jambo baya zaidi. Kazi ya kisa kilichowekwa chini ya mchoro ni kuleta yale ambayo wino hauwezi: jana, kesho, si, vya nani, kwa sababu gani. Na hayo yote, bahati mbaya kwa watu wavivu, hayapatikani kwa kutazama. Hupatikana kwa kuuliza.

Hapa walimu wa shule za msingi wataniwia radhi. Sote twaijua insha ya picha. Mtoto huonyeshwa picha ya soko, akaambiwa aeleze anachokiona, naye huandika: hili ni soko, huyu ni mama, mama anauza ndizi. Husahihishwa ngeli na tahajia, akapata vema. Twamfunza kwa miaka kwamba maneno ni kivuli cha picha. Akifika kidato cha tatu huona aibu ya kuandika "huyu ni mama", hivyo huongeza methali, tashbihi na huzuni, maana amegundua kwamba huzuni hupata alama. Yule kijana wa Kilifi hakuzaliwa na lile gereza lisilo na mlango. Sisi ndio tuliomjengea.

Mimi ni zao la 8-4-4, mfumo ulioanza mwaka wa 1985, na katika mtihani wetu wa KCPE Sanaa na Ufundi ilikuwa na maswali yake. Baadaye maswali hayo yaliondolewa, na somo likafa katika madarasa mengi hata pale lilipobaki kwenye ratiba, kwani sote twajua kisichotahiniwa hutendewaje. KCPE yenyewe ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na mtaala wa umilisi umerejesha sanaa bunifu. Naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote, ila nina shaka moja: sanaa imerudi katika kipindi chake na insha imebaki katika kipindi chake, na baina ya vipindi hivyo viwili kengele hupigwa.

Si kwamba ndoa ya mchoro wa mji na kisa kifupi ni uvumbuzi wa leo. Mwaka wa 1836 Charles Dickens, akiwa na umri wa miaka 24 na bado ni mwandishi wa habari, alichapisha London kitabu kiitwacho Sketches by Boz, nacho kilipambwa na George Cruikshank, mchoraji aliyekuwa maarufu kumpita yeye. Vilikuwa visa vya mitaani: maduka, magari ya farasi, mahakama, walevi. Kinachonivutia mimi ni jina. Mwandishi aliazima neno la wachoraji akaviita visa vyake michoro, kana kwamba alitamani kalamu yake ifanye kazi ya mwenzake. Lakini msomaji azingatie mfuatano: Dickens aliandika kwanza, nyingi ya habari hizo zikiwa zimekwisha kutoka magazetini, ndipo Cruikshank akachora. Aliyekuja pili hakuwa na nafasi ya kumsingizia mtu habari zake. Sisi tulianza na mchoro, na hatari yetu ilikuwa pale pale.

Hapa kwetu, sisi tuliokua na magazeti ya Kiswahili nyumbani tulilelewa na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo. Baba alisoma siasa. Mimi nilianzia kwa Juha, na nadhani baba naye alianzia huko nisipomwona. Kabla ya mimi kuzaliwa, mwaka wa 1973, Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe, ambalo liliuchora mji wa Nairobi na kuuchekesha, na Gitau alichora humo pia. Nimezirudia kazi hizi baada ya kisa cha viazi na kuona jambo ambalo lilinipita utotoni. Katika vibonzo, maneno hutoka kinywani mwa aliyechorwa. Juha ni mjinga, naam, lakini husema mwenyewe. Yumo katika nafsi ya kwanza. Mama wa Karatina aliwekwa katika nafsi ya tatu, naye yupo hai, ana sauti, na yuko hatua tatu kutoka kwa mwandishi. Marehemu Wahome Mutahi, mzaliwa wa Nyeri aliyefariki mwaka wa 2003, aliwacheka watu wa mlima huu kwa miaka katika safu yake ya Whispers na watu wakampenda, na siri moja ilikuwa kwamba aliyechekwa kuliko wote ni Whispers mwenyewe.

Lakini mfano ulionikaa rohoni ni wa zamani kuliko hiyo yote, na ni wa milima hii hii. Wakikuyu walikuwa na gĩcaandĩ, kibuyu kikavu chenye mbegu ndani ambacho kilitikiswa kama kayamba na ambacho ganda lake lilichanjwa alama. Malenga alikizungusha mkononi akiimba, na kila alama ilimkumbusha sehemu ya utungo. Aliimba kwa mafumbo, akishindana na mwenzake na papo hapo akishirikiana naye. Padri Mwitalia Vittorio Merlo Pick alikusanya tungo hizo pamoja na vitendawili katika kitabu Ndaĩ na Gĩcaandĩ mwaka wa 1973. Dakta Kimani Njogu naye, ambaye walimu wa Kiswahili wanamjua kwa Ufundishaji wa Fasihi aliouandika na Rocha Chimerah, ameuchambua kwa kina utanzu huu. Ngũgĩ wa Thiong'o alimfanya malenga wa gĩcaandĩ kuwa msimulizi wa Caitaani Mũtharaba-inĩ, riwaya iliyotoka mwaka wa 1980.

Angalia basi mpangilio wake. Alama ipo kwenye ganda, kila mtu anaiona. Hata hivyo haimwambii chochote asiyefunzwa. Utungo upo kinywani, nao hausemi, "Hapa pana duara, hapa pana mistari miwili." Unasema kile ambacho duara halingeweza kusema. Kibuyu bila malenga ni mapambo. Kwa Kikuyu herufi huitwa ndemwa, yaani zilizokatwa, na kwa Kiswahili kuchora kulikuwa pia kuchanja na kunakshi mbao kabla hakujawa kuchora kwa kalamu. Lugha zetu mbili zinakumbuka kwamba kuchora na kuandika vilitoka katika kisu kimoja. Yale mafundo manne kwenye leso yalikuwa alama za namna hiyo, na malenga wake alikuwa ameketi hapo hapo. Kijana alizinakili, mimi nikazisahihisha, na hakuna kati yetu aliyemwomba mwenyewe aziimbe.

Kuna watakaosema kwamba naikuza habari ya viazi. Mwenzangu mmoja idarani alinikumbusha, na hakukosea, kwamba fasihi ni ubunifu, na kwamba tukimlazimisha kila mwandishi awaombe ruhusa wahusika wake hatutapata riwaya tena. Nakubali. Kama kijana angembuni mama asiyekuwepo na kumpa umaskini wote wa dunia, nisingekuwa na neno. Lakini mchoro wake ulikuwa na kifungo kilichopotea, na majirani walimtambua mwenye sweta. Uso ukishakuwa wa mtu fulani, maneno yaliyo chini yake ni ushahidi juu ya mtu huyo, apende asipende. Mwenzangu alitikisa kichwa; hatukuafikiana, tukaenda kunywa chai.

Nirudi sokoni. Kijana alimwomba radhi mama, akakaa kwenye gunia, akafungua daftari. Aliuliza maswali mengi kuliko aliyowahi kuniuliza mimi darasani. Mama alimjibu huku akiuza, mara Kiswahili, mara Kikuyu ambacho ilinibidi nikitafsiri. Alikataa jambo moja tu: jina la mgonjwa lisiandikwe, kwani ugonjwa wa mtu hautundikwi ukutani. Wakati tulipokuwa tukiondoka alitaka asomewe mara mbili, na mara ya pili akasahihisha saa. Kisa kikawa hivi:

"Kabeji zake zilikwisha saa tatu. Viazi hivi ni vya jirani aliyelazwa hospitalini tangu Jumamosi, na hajarudi. Kila debe likiuzwa, mama hufunga fundo moja kwenye leso. Hapa anahesabu. Yamefika manne."

Maneno 29. Hayamsifu wala hayamhurumii. Mtu akiyasoma kisha akautazama mchoro, jicho lake huenda moja kwa moja kwenye leso.

Muhula huu zoezi limerudi, na sharti nililoliongeza ni moja: kabla karatasi haijafika mezani pangu, mwandishi amsomee aliyechorwa, kwa lugha anayoielewa, na alete jibu lake. Wanafunzi wawili tayari wamerudi wakiwa wamenuna, kwa kuwa walioandikwa walikataa. Nimewapa juma moja zaidi. Yule mama naye ameuweka mchoro ndani ya sanduku la fedha, umekunjwa mara nne, na anasema mwenzake akitoka hospitalini atamwonyesha. Karatasi yenyewe ya kijana ningali nayo. Ile 17 nimeikata kwa mstari mmoja. Alama nyingine bado sijaiandika.